Nzi Anayetembea na Siafu

Hotuba kwa walimu, wazazi na vijana wanaotembeza wageni msituni, Shinyalu, Kaunti ya Kakamega

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, walimu wenzangu, vijana mnaowatembeza wageni msituni, na ninyi wanafunzi mlioacha mpira wa Jumamosi ili mje hapa, mulembe.

Nimeombwa nizungumzie nzi. Najua neno hilo likitajwa, wengi humfikiria yule wa chooni au yule anayetumbukia kwenye chai. Mimi nina habari za nzi mwingine. Nimeishi ukingoni mwa msitu huu tangu nilipoolewa, na nimemwona mara mbili tu. Mara ya kwanza sikuandika kitu. Mara ya pili niliandika. Nitaanza na hiyo ya pili.

Ilikuwa Aprili mwaka huu, mvua ya siku tatu imekatika alfajiri. Nilikuwa nyuma ya jiko nikigeuza kuni zilizolowa, nikasikia Mama, yaani mama mkwe wangu tunayeishi naye boma moja, akipaza sauti kutoka kwenye migomba: "Siafu!" Mwenye kuku anayeatamia hangoji neno la pili. Mama alikwenda moja kwa moja mekoni kuchota jivu la moto. Mimi nikakimbilia banda, nikamtoa tetea na vifaranga wake tisa, nikawafunika kwa kapu sebuleni. Kisha nikarudi kutazama msafara ulikuwa unaelekea wapi.

Hawakuwa katika ule mstari mwembamba tunaouruka njiani tukienda mtoni. Walikuwa wamejitandaza chini ya migomba, upana wa hatua nne au tano, wakipekua kila jani kavu na kila ufa wa gome. Mbele yao walikuwa wanatoka viumbe ambao siku nyingine huwaoni hata ukichimba: mende wa porini, nyenje, buibui waliobeba mayai, jongoo mmoja mnene. Kila mmoja anakimbiza roho yake. Na juu ya mkimbio huo, kama shibiri moja kutoka ardhini, kulikuwa na kitu kimesimama hewani.

Nasema kimesimama kwa sababu hakikuwa kinazungukazunguka kama nzi wa jikoni. Kilitulia mahali pamoja, mabawa hayaonekani kwa kasi yake, halafu ghafla kinasogea kiganja kimoja kushoto na kutulia tena. Nilipoinama nikaona mwili mwembamba wa manjano na mweusi, miguu mirefu, kichwa ambacho karibu chote ni macho, na nyuma mkia mwembamba kama sindano, urefu wake unakaribia ule wa mwili wenyewe. Walikuwa watatu, kila mmoja mahali pake, kama wavuvi waliogawana maji.

"Mama, nipe dakika kumi," nikasema.

Mama alikuwa amesimama na beleshi la jivu mkononi. Akanitazama, akatazama banda la kuku, akaona ni tupu. "Kumi, Mwalimu. Zikiisha namwaga."

Niliingia ndani nikavaa gambuti, suruali nikaichomeka kwenye soksi. Kijana wangu wa gredi ya saba alisimama nyuma yangu, kazi yake moja tu: kuangalia viatu vyangu. Siafu wakifika kwenye kisigino anasema "hama," nami nahama. Nawashauri mfanye hivyohivyo, kwa sababu mtu anayetazama kwenye kioo cha simu hasikii siafu mpaka wamefika gotini. Simu yangu ni ya kawaida, lakini ina video ya mwendo wa polepole. Nilichukua vipande kumi na vinne. Kumi na kimoja ni ukungu mtupu. Simu iliamua kuangalia majani badala ya nzi. Vitatu vilitoka.

Kati ya hivyo vitatu kuna kimoja nimekitazama labda mara mia. Mende wa kahawia anachomoka chini ya jani la mgomba. Nzi yuko juu yake, hajatikisika. Mende anapiga mbio, nzi anateremka kwa mshale mmoja, mkia umetangulia, anamgusa ubavuni, anapanda. Kwa macho yangu nilikuwa nimeona nzi akiyumba kidogo, basi. Simu ndiyo iliyonionyesha kwamba alishuka.

Mende yule nilimfuata. Nilimfunika kwa chupa ya jemu karibu na mlango wa banda, nikaziba, na hapo Mama akamwaga jivu lake. Dakika zilikuwa zimekwisha kitambo, hakusema kitu.

Jioni, kwa lenzi ya mkono ya shuleni, ile inayokuza mara kumi, nilimgeuza mende taratibu chini ya taa. Ubavuni, katikati ya pingili mbili za tumbo, kulikuwa na kitu kimoja cheupe kilichochomeka, chembamba kama ncha ya sindano. Nilikitazama mpaka jicho likatoka machozi. Lilikuwa yai.

Sasa niwaeleze huyu ni nani. Kwanza, ni nzi kweli, si nyigu, ingawa umbo lake linadanganya. Nzi ana mabawa mawili, nyigu ana manne. Mahali pa ile jozi ya pili, nzi ana vijiti viwili vifupi vyenye vichwa kama njiti za kibiriti, na ndivyo vinavyomwambia akiwa hewani ameinamia upande gani. Ni wa familia inayoitwa Conopidae, yenye spishi kama 800 duniani, na ndani ya familia hiyo ni wa jenasi Stylogaster, iliyopewa jina hilo na Mfaransa Macquart mwaka 1835. Jina la spishi siwapi, kwa sababu picha zangu hazitoshi kulitaja. Wanafunzi wangu wamempa jina la Kiswahili, nzi mshale, nami nimelikubali.

Watu wa pwani wana chombo kinaitwa chusa: mkuki wa kuvulia samaki wakubwa, wenye meno yanayorudi nyuma, ukishaingia hautoki. Hapa kwetu fikirieni ndoana ya ngege. Yai la nzi huyu lina umbo hilo. Ncha yake ni ngumu na kali, na chini ya hadubini huonekana vimiba vinavyoelekea nyuma. Mimi kwa lenzi yangu vimiba sikuviona. Niliona tu kwamba nilipoligusa kwa unyoya wa kuku halikuteleza. Nzi hatagi juu ya majani wala juu ya uchafu. Hulichoma yai lake ndani ya kiumbe anayekimbia, kwa pigo moja, hewani kwenda chini na kurudi hewani. Wanaopigwa ni mende na nyenje, na hapa Afrika mayai hayo yamekutwa hata kwenye miili ya nzi wengine wanaorandaranda kwenye misafara ya siafu. Funza akitoka kwenye yai huishi ndani ya mwenyeji wake na kumla. Kupe hunyonya damu ya ng'ombe na ng'ombe akaendelea kuishi. Huyu ni kimelea wa aina nyingine: akimaliza kukua, mwenyeji wake amekufa.

Na siafu je? Nzi huyu hawadhuru siafu. Anawatumia. Wazee waliowahi kuwinda wanajua kwamba mwindaji mmoja akiingia kichakani peke yake atarudi mikono mitupu, lakini akiwa na watu wa kupiga vichaka, paa mwenyewe atatoka. Siafu ndio wapiga vichaka wa nzi huyu. Nyinyi vijana wa msituni mnawajua ndege wenye tabia hiyohiyo. Yule Neocossyphus poensis mwenye ncha nyeupe pembeni mwa mkia, mkisikia sauti yake chini chini huwa mnaangalia ardhi kwanza, kwa sababu mnajua siafu hawako mbali. Ndege hao hawaji kwa ajili ya siafu wenyewe. Wanakula wanaokimbia siafu. Na huko Amerika ya Kusini na ya Kati, ambako kuna siafu wa ukoo mwingine, jamaa za nzi huyuhuyu huelea juu ya misafara yao vilevile.

Familia hii ina mambo mengi, na nisipojizuia tutalala hapa. Lakini moja lazima niliseme, kwa ajili ya wafugaji nyuki waliomo humu. Jamaa wa karibu wa nzi mshale huwavizia nyuki na nyigu. Jike humdaka nyuki angani, hufungua pingili za tumbo lake kama mtu anavyofungua kopo, na kupenyeza yai. Mwaka 1993, Christine Müller na Paul Schmid-Hempel wa Basel, Uswisi, walieleza waliyoyaona kwa nyuki-bambi, wale nyuki wakubwa wenye manyoya wa nchi za baridi ambao kwetu hawapo. Nyuki vibarua wenye funza tumboni walikuwa hawarudi mzingani usiku. Walilala nje kwenye baridi. Walipopewa nafasi ya kuchagua penye joto na penye baridi, walichagua baridi, na baridi ile ilimchelewesha funza kukua, nyuki akapata siku za ziada za kuishi na kufanya kazi. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikatoka nje kusimama kidogo. Mdudu mdogo hivyo, anakufa, na bado anatafuta mahali pa kuzinunua siku mbili tatu. Na tungejuaje, kama hakuna mtu aliyekaa usiku kuhesabu nyuki waliolala nje?

Hilo ndilo linanirudisha kwenye mara ya kwanza nilipomwona nzi mshale.

Nilikuwa bado mwalimu mgeni. Nilikuwa napalilia chini, karibu na mto, mahali palipokuwa na kijipori cha miti ya asili kilichoungana na msitu. Siafu walipita, nikaruka pembeni, na nikawaona nzi wakielea juu yao. Nakumbuka nilisema moyoni, "Hawa ni nini?" Kisha nikaendelea kupalilia. Ilikuwa 2013 au 2014. Mwezi siujui. Walikuwa wangapi, siujui. Kama mkia ulikuwa mrefu au mfupi, siujui, na mkia ni miongoni mwa vitu vinavyotumika kutofautisha spishi. Kijipori kile kimekatwa. Leo pale pana mikaratusi ya mtu, imenyooka mistari, chini yake udongo mkavu, na siafu hawapiti. Hakuna mtu anayeweza kurudi pale kuhakikisha nilichokiona. Si mimi, si mtaalamu kutoka Nairobi, si mjukuu wangu. Kilikuwapo, nikakiona, na sasa ni kama hakikuwapo. Nawaambia hili kwa uchungu, ndugu zangu, kwa sababu nilikuwa na kalamu mfukoni. Mwalimu hakosi kalamu.

Nilipoanza kutafuta habari zake mwaka huu, kila mahali niliambiwa nzi huyu ni adimu. Nimelifikiria sana neno hilo. Nani kati yetu, siafu wakitandaza, hubaki akawatazama? Tunakimbia, na tuna haki. Nimeona kuku aliyeachwa kwenye mayai amebaki manyoya na mifupa. Watafiti nao huja wiki mbili, hupanga mitego, huenda zao, na siafu hawapangiwi ratiba na mtu. Kwa hiyo nzi anayeishi mahali pale pale ambapo kila mwenye akili anakimbia, na kwa saa chache tu za siku chache za mwaka, ataandikwa mara ngapi? Inawezekana kabisa ni adimu kweli. Inawezekana pia kwamba walio adimu ni watazamaji. Jibu litatoka kwa watu wanaoishi hapa, ambao siafu huwajia nyuma ya jiko bila kualikwa.

Mnajua wale wadudu wakubwa wa kahawia, wenye tumbo kama soseji, wanaogonga balbu usiku wa mvua na watoto wakapiga kelele? Hao ni madume wa siafu. Nimewauliza watu wazima thelathini hapa kijijini, na wawili tu walijua. Siafu tunawachukia tangu utotoni na bado hatuwajui.

Katika msitu huu siafu wanaotandaza juu ya ardhi ni wa spishi mbili, Dorylus wilverthi na Dorylus molestus. Watafiti walioufanyia kazi msitu wetu na vipande vyake katika miaka ya 2000 waliona kwamba Dorylus wilverthi hupungua katika vipande vidogo vilivyotengwa, na kwamba makundi ya ndege wanaofuata siafu nayo hupungua. Inaeleweka. Malkia wa siafu hana mabawa. Kundi likitaka kuhama linahama kwa miguu, na haliwezi kuvuka shamba la miwa na barabara ya lami kama unavyovuka wewe. Kipande cha msitu kikishakatwa kutoka kwa mama yake, siafu waliobaki ndani wamefungiwa. Ndege tunajua walivyofanya, kwa sababu kuna watu waliokwenda wakahesabu. Je, nzi mshale yupo Malava? Yupo Kisere? Yupo Kaimosi? Nimetafuta kwenye kumbukumbu za wazi za mtandaoni nikakuta kurasa tupu. Kama ametoweka katika baadhi ya vipande hivyo, ametoweka bila jina lake kuandikwa mahali.

Mzee mmoja, na ananisamehe nikimtaja hadharani bila jina, aliniuliza pale nje kabla hatujaanza: "Mwalimu, na faida yake nini?" Ni swali la haki. Watu wana mahindi ya kupalilia.

Mnakumbuka mwaka 2017 viwavijeshi vya Marekani vilipoingia upande wetu huu wa magharibi, mahindi yakatobolewa mpaka kwenye moyo. Watu walinunua dawa kwa mkopo. Wakati huohuo kuna watafiti waliokuwa wanapita mashambani wakikusanya viwavi, wakiviweka vyomboni, wakivilisha, wakingoja. Mwaka 2018 wakachapisha walichokipata. Hapa Kenya, katika viwavi walivyovifuga, nzi mmoja wa asili wa huku aitwaye Palexorista zonata alikuwa amewamaliza asilimia 12.5. Nzi wetu, wa hapahapa, alikuwa ameshaanza kazi kabla sisi hatujajua yupo. Shamba linalopigwa dawa kila wiki linamuua yeye pia. Habari hiyo ilipatikana kwa sababu mtu aliweka kiwavi kwenye chombo, akaandika tarehe, akangoja aone kitakachotoka.

Mzee wangu, sisemi nzi mshale ataokoa mahindi yako. Anapiga mende na nyenje wa porini, si viwavi. Ninachosema ni kwamba aliyemwandika Palexorista kwa mara ya kwanza hakujua atakuja kuhitajika. Thomas Odhiambo, aliyesoma pale Maseno, si mbali na hapa, alianzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, mwaka 1970 akiamini kwamba wadudu wa Afrika wachunguzwe Afrika na Waafrika. Kituo cha Mbita, pale ziwani, kina jina lake leo. Sisi hatuhitaji kujenga kituo. Tunahitaji daftari na simu.

Niwaeleze nilivyofanya na picha zangu, maana vijana wameniuliza. Nilizipakia kwenye iNaturalist, programu ya mtandaoni ya kurekodi viumbe, ambayo ilianza mwaka 2008 kule California na haina malipo. Nilichagua vipande vitatu vya video, nikatoa picha tulivu kutoka humo: moja ya ubavu, moja kutoka juu inayoonyesha mishipa ya bawa, moja ya mkia. Niliandika tarehe, saa 4:40 asubuhi, mwinuko, na hali: juu ya msafara wa siafu, chini ya migomba, hatua thelathini kutoka ukingo wa msitu. Kwenye jina niliandika "nzi" tu, kwa sababu ndilo nililokuwa na hakika nalo. Siku ya nne mtu nisiyemjua, anayeijua jamii hii, akaandika Stylogaster, na akaniuliza mambo mawili: mkia ulikuwa umepinda au umenyooka, na kama nilimwona akigusa mdudu yeyote. La pili niliweza kumjibu, nikamtumia video ya mende. La kwanza nilibaki natazama picha, mkia umefifia kwenye kivuli cha jani. Laiti ningechukua sekunde tano zaidi kwa ubavu.

Rekodi ikikubaliwa na watu zaidi ya mmoja huweza kupita kwenye hazina kubwa ya dunia iitwayo GBIF, iliyoanzishwa mwaka 2001, ofisi zake zikiwa Copenhagen. Mtu akitafuta nzi hawa popote duniani, alama moja ndogo itakuwa juu ya Kakamega. Wanaoogopa kuonyesha boma lao, na ni busara kuogopa, programu ina mahali pa kuficha eneo halisi. Ramani itaonyesha sehemu ya jumla tu. Na mkiwa ndani ya hifadhi, piga picha na usiondoke na mdudu. Kukusanya kule kunahitaji kibali. Mende wangu alikuwa wa nyuma ya jiko langu.

Mnauliza mende alipata nini. Alikufa siku ya sita, chupa ikashika ukungu, hakuna funza aliyetoka. Labda chupa ilikuwa na unyevu mwingi, labda yai halikuwa zima. Niliandika hivyohivyo: siku ya sita, amekufa, hakuna kilichotoka. Kuna mwalimu mwenzangu aliniambia nisilipeleke lile, halina maana. Mimi naona lina maana. Mwingine atakayejaribu atajua aweke karatasi kavu chini na kitambaa juu badala ya kifuniko.

Na hapa ndipo naomba sana msikie, hasa ninyi wanafunzi. Andikeni pia siku ambayo nzi hakuwapo. Siafu wamepita, umesimama dakika kumi na gambuti zako, umeangalia mbele ya msafara, hukuona nzi: andika. Mtu akituletea rekodi za kumwona tu, hatutajua kama hakuonekana Malava kwa sababu hayupo au kwa sababu hakuna aliyetazama. Sifuri iliyoandikwa ni tofauti kabisa na ukurasa mtupu.

Msiende kwa siafu usiku. Msisimame katikati ya mkondo, simameni pembeni mbele ya ukingo wa msafara, kwa sababu nzi huelea pale ambapo wadudu wanachomoka, si kule nyuma ambako siafu wameshapita. Mtoto asiende peke yake, na mwenye kuku aokoe kuku kwanza. Mama mkwe wangu amenituma niseme hilo la kuku.

Daftari la kwanza liko pale mezani karibu na mlango. Ni la kurasa 96, lile la kawaida la dukani, nimelifunika kwa nailoni kwa ajili ya mvua. Nimechora safu: tarehe, saa, mahali kwa jina linalojulikana na wenyeji, upana wa msafara, nzi wameonekana au la, na jina la aliyetazama. Tangu Aprili lina mistari kumi na moja, mingine nimeiandika mwenyewe na mingine wameleta majirani wa Khayega na Ilesi. Mmoja unasema "nzi watatu." Kumi inasema "hakuna nzi," na mitatu kati ya hiyo kumi iko katika hati ya Mama, ambaye siku hizi hutazama kwanza, akahesabu dakika zake, ndipo amwage jivu.

Yule mama wa Shibuye aliyenisimamisha getini akaniambia siafu walipita nyuma ya choo chake juzi, na kwamba kulikuwa na "vidudu vinaning'inia hewani kama vimefungwa uzi," tafadhali usiondoke kabla hatujaonana. Nataka kujua ilikuwa saa ngapi, na kama mahali penyewe bado hapajafyekwa, leo jioni nikupitie twende wote.